Miaka 41 bila mechi: Alabama na Auburn waligombania nini hasa?

#1 Kipanga wa Pangani

Wakuu, kwema?

Kila mwishoni mwa Novemba, siku moja mbili baada ya sikukuu ya Shukrani, jimbo la Alabama kule Marekani husimama kwa ajili ya mechi moja: Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Tuscaloosa dhidi ya Auburn. Wanaiita Iron Bowl. Ni futiboli yao ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, si hii yetu. Vyuo vyote viwili ni vya umma, vya jimbo moja, na kati yao kuna kama kilomita 250 tu kwa barabara.

Walikutana mara ya kwanza Februari 22, 1893 mjini Birmingham. Auburn wakashinda 32–22 mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 5,000. Wakaendelea kuparurana hadi Novemba 16, 1907, walipotoka sare ya 6–6. Kisha kimya. Hawakukutana tena mpaka Desemba 4, 1948. Watoto waliozaliwa mwaka wa ile sare walikua, wakaoa, wakaenda Vita vya Pili vya Dunia na kurudi, hawa bado wamenuniana.

Simulizi niliyoipokea ni kwamba 1907 kulipigwa ngumi, mashabiki wakaumizana, serikali ya jimbo ikapiga marufuku. Mimi nina shaka nayo. Naamini chanzo kilikuwa fedha za serikali, nani apewe na nani akose, na mpira ukabebeshwa lawama. Wenye kujua tuchambue.

#2 Bi Mkubwa wa Huntsville

Kipanga, marufuku ya serikali haikuwepo. Naishi jimbo hili na hiyo hadithi ya ngumi naisikia kazini kila Novemba, lakini majadiliano ya kupanga mechi ya 1908 yaliendelea kama kawaida baada ya ile sare. Watu waliotoka kutoana meno hawakai chini kuandikiana kuhusu gharama za safari.

Tena serikali ilifanya kinyume chake. Mwaka 1947 Baraza la Wawakilishi la jimbo lilipitisha azimio la kuvitaka vyuo hivi virudi uwanjani. Wabunge ndio waliochoka kusubiri.

#3 Hesabu za Mtaani

Waligombania posho. Auburn walitaka wachezaji 22 na dola 3.50 kwa kila mmoja kwa siku. Alabama wakasema wachezaji 20, dola 3. Pigeni hesabu: 22 mara 3.50 ni 77, na 20 mara 3 ni 60. Tofauti ni dola 17 kwa siku, na kwa safari ya siku mbili ni 34. Ndiyo maana utamsikia mtu wa kule akisema undugu ulivunjika kwa dola 34.

#4 Chege wa Ruiru

Dola 34 bana! Hapo mimi sikubali kabisa. Birmingham ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda vya chuma, wenye pesa walikuwa tele. Mechi iliyojaza watu elfu tano tangu 1893 itashindwaje kutoa dola 34 mlangoni? Hiyo posho ilikuwa kisingizio cha kitu kingine. Semeni hicho kitu.

#5 Mvuvi wa Mwanza

Nimesoma Auburn, ufugaji wa samaki. Chuo kile kina jina kubwa duniani kwa mabwawa ya samaki na Waafrika wengi wa fani hiyo wamepita pale. Kwa hiyo msimamo wangu mnaujua tayari.

Chege, angalia ramani kabla hujamcheka mtu wa posho. Birmingham husemwa ni uwanja wa katikati. Kutoka Tuscaloosa hadi Birmingham ni kama kilomita 90. Kutoka Auburn ni karibu mara mbili ya hapo. Mwaka 1908 ni treni, hakuna basi la chuo. Wa Tuscaloosa anafika mapema na kulala kwake usiku uleule akitaka. Wa Auburn lazima ale na alale njiani. Anayesafiri mbali ndiye anayeomba posho kubwa na wachezaji wa akiba zaidi, maana akiumia mtu hakuna wa kumfuata nyumbani. Tofauti ya nusu dola ilikuwa na sababu.

#6 Chege wa Ruiru

Mvuvi umenijibu vizuri, ila bado hujaniambia kwa nini hawakuafikiana kwa miaka 40 iliyofuata. Treni ziliongezeka, barabara zikajengwa, magari yakaja. Umbali haukuongezeka.

#7 Refa Mstaafu

Mmeruka kipengele kikubwa zaidi: waamuzi. Auburn walitaka mwamuzi atoke nje ya Kusini, majimbo ya kaskazini. Alabama walitaka mtu wa Kusini. Kwa mtu aliyewahi kushika filimbi, hilo si jambo dogo. Ukisema "sitaki mwamuzi wa huku kwetu" umeshamwambia mwenzako kwamba waamuzi wa huku ni wake.

Na shaka hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 1906 Alabama walishinda 10–0, na Auburn wakakata rufaa kwamba mmoja wa wachezaji wa Alabama hakuwa halali. Rufaa ikatupwa. Kocha wa Alabama, J.W.H. Pollard, alikuwa pia na mbinu ya kuwahamisha wachezaji kwa mpangilio wa ghafla kabla mpira haujaanza, wapinzani wakibaki wanashangaa nani asimame wapi. Auburn hawakuipenda. Sheria za mchezo enzi hizo zilikuwa bado zinatungwa, mwaka 1906 ndio pasi ya mbele iliporuhusiwa. Kila jambo liliachwa mikononi mwa mwamuzi. Sasa ukikosa imani na mwamuzi, utaingiaje uwanjani?

Mike Donahue, kocha wa Auburn, ndiye aliyekuwa akilalamika 1906, na ni yeye aliyeukwamisha mkataba 1907 ulipoisha.

#8 Bi Mkubwa wa Huntsville

Refa, yote sawa isipokuwa Donahue hakufundisha msimu wa 1907. Auburn walikuwa na Willis Kienholz mwaka huo. Donahue alirudi 1908.

Tena kwa ninavyoelewa, posho na idadi ya wachezaji vilipata muafaka hatimaye. Walichelewa tu. Walipomaliza kukubaliana ilikuwa Oktoba, ratiba ya kila timu imejaa. Mechi ya 1908 ikafa kwa kukosa tarehe.

#9 Refa Mstaafu

Shukrani kwa hilo la Kienholz. Linanipa nguvu zaidi, maana Donahue aliporudi 1908 alikuta mazungumzo yamefika pale pale alipoyaachia 1906: nani atashika filimbi.

#10 Sokomoko la Kariakoo

Wakuu, kugomea mechi tunakujua. Machi 8, 2025 tuliona Simba na Yanga ikiahirishwa baada ya Simba kusema hawatokei, jiji zima likabaki na jezi. Lakini Juni mechi ikachezwa. Shirikisho lipo, ratiba ipo, adhabu zipo. Alabama na Auburn hawakuwa na wa kuwalazimisha? Ndiyo swali langu.

#11 Hesabu za Mtaani

Sokomoko, hapo umegusa penyewe. Kulikuwa na chama cha vyuo vya Kusini, lakini ratiba kila chuo kilijipangia. Aliyetaka kucheza na nani aliandika barua. Leo wote wapo ligi ya SEC, hawawezi kukwepana. Tena SEC ilianzishwa 1932 na wote wawili walikuwamo tangu mwanzo, na bado hawakukutana kwa miaka 15 na zaidi. Ligi ya wakati ule haikukulazimisha kucheza na kila mtu.

Na kwa wanaopenda usahihi: miaka kati ya mechi na mechi ni 41. Misimu iliyopotea, 1908 hadi 1947, ni 40.

#12 Kipanga wa Pangani

Naona wote mnazunguka uwanja. Ngoja niwatoe nje ya uwanja.

Chuo Kikuu cha Alabama kilifunguliwa 1831. Ni chuo cha mawakili, majaji, wabunge na watoto wa wenye mashamba makubwa. Aprili 1865 jeshi la Kaskazini likakichoma moto, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho. Kilipokuwa kinajikongoja kuinuka, ikaja fedha ya serikali kuu kwa vyuo vya kilimo na ufundi. Tuscaloosa nao waliitaka. Mwaka 1872 jimbo likaipeleka Auburn, kwenye chuo kidogo kilichoanzishwa na Wamethodisti 1856. Kuanzia hapo kila bajeti ya jimbo ikawa mechi. Nani ndiye chuo kikuu hasa? Nani anawafundisha wakulima? Nani apewe uhandisi? Ndugu wawili wanaogombea sahani moja hawahitaji dola 34 kununiana.

Na mnaona hadi jina linabeba hilo. Auburn haikuitwa Auburn rasmi. Tangu 1899 iliitwa Alabama Polytechnic Institute, na jina la Auburn University likaja 1960. Kwa wa Tuscaloosa, wale walikuwa "chuo cha ufundi" tu, cha kufuga na kulima. Bear Bryant, kocha mkubwa kuliko wote wa Alabama, mwaka 1972 aliwaita hadharani chuo cha ng'ombe.

#13 Mvuvi wa Mwanza

Na ng'ombe wakampiga pembe mwaka huohuo. Punt Bama Punt!

#14 Mchungaji wa Dodoma

Mvuvi tufafanulie sisi tusiojua mchezo huo. Nimesoma mpaka hapa na nimenogewa.

#15 Mvuvi wa Mwanza

Kwa furaha kubwa.

Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ukiona ya nne haitafaa, unaupiga mpira mbali kwa teke ili mpinzani aanzie nyuma kabisa. Teke hilo ndilo punt.

Desemba 2, 1972, Legion Field, Birmingham. Alabama hawajafungwa msimu mzima, wa pili nchini. Robo ya nne wanaongoza 16–0. Auburn wanapata pointi tatu za teke la milingotini, uwanja unazomea maana pointi tatu zitasaidia nini. Kisha Alabama wanapiga punt. Bill Newton wa Auburn anapenya na kuuzuia mpira kwa mwili, unadunda, David Langner anaudaka na kukimbia nao yadi 25 mpaka mwisho. Hiyo ni tachidauni, pointi sita, na teke la ziada linaongeza moja. 16–10. Dakika chache baadaye Alabama wanapiga punt nyingine. Newton yuleyule anazuia. Langner yuleyule anaudaka. Yadi 20. 17–16. Mchezo umekwisha.

Wengi hawasemi kwamba pointi moja iliyoamua ilipatikana mapema: Alabama walipofunga tachidauni yao ya kwanza, teke lao la pointi ya ziada lilizuiwa na Roger Mitchell. Bila mkono wa Mitchell hizo punt mbili zingeleta sare tu.

#16 Chege wa Ruiru

Newton yuleyule, Langner yuleyule, mara mbili! Hata ungepanga haiwezi.

#17 Dada wa Tuscaloosa

Salaam. Nimesoma huku na bado naishi huku, na nimechoka kuona uzi unaegemea upande mmoja. Tuanze na takwimu: hadi mechi ya 2023 Alabama wanaongoza ushindi 50 kwa 37, sare moja tu, na sare hiyo ndiyo ileile ya 1907. Mechi ya kwanza baada ya kurudi, 1948, iliisha 55–0. Hakuna aliyewahi kushinda kwa tofauti kubwa zaidi ya hiyo.

Halafu ile mechi ya 1907 mnayoizungumza kama kaburi ndiyo iliyotupa jina letu. Auburn ndio waliopewa nafasi kubwa ya kushinda. Mvua, uwanja ukawa bahari ya tope jekundu. Vijana wa Alabama wakakaza hadi mwisho. Mwandishi wa gazeti la Birmingham Age-Herald, Hugh Roberts, anatajwa kuwa ndiye aliyeandika kwamba walikuja kama wimbi jekundu. Hapo ndipo Crimson Tide ilipozaliwa. Kabla ya hapo waliitwa mstari mwembamba mwekundu.

Na kuhusu kutocheza: Alabama hawakuwahitaji Auburn. Januari 1926 walikwenda California wakaifunga Washington 20–19 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, Kusini nzima ikasherehekea. Walikuwa na Tennessee kama hasimu. Auburn walikuwa na Georgia, ambao wamecheza nao tangu 1892, na Georgia Tech. Kila mmoja alishapata hasimu wa kumtosha. Hakuna aliyekuwa analala na njaa. Hiyo ndiyo sababu, posho ilimaliza mechi ya mwaka mmoja, kutohitajiana kukamaliza arobaini.

#18 Sokomoko la Kariakoo

Dada kaingia na moto. Hii sababu ya "kutohitajiana" naiona nzito kuliko zote.

#19 Mvuvi wa Mwanza

Karibu dada. 55–0 kweli, tulikuwa na kikosi kibovu mwaka ule, kilishinda mechi moja tu. Mwaka uliofuata, 1949, nani alishinda? Auburn 14–13. Na 1957 tulipochukua ubingwa wa taifa tuliwafunga 40–0. Bryant aliletwa Tuscaloosa 1958 kwa sababu ya kile kipigo na vya kabla yake.

#20 Bi Mkubwa wa Huntsville

Dada wa Tuscaloosa, hoja yako ya kutohitajiana inakwama mwaka 1944. Auburn walipendekeza mechi irudi, na bodi ya wadhamini ya Alabama ndiyo iliyokataa. Ambaye hamhitaji mwenzake hana haja ya kuitisha bodi ili kukataa. Hofu yao ilikuwa kwamba mechi itakuwa kubwa mno, itameza masomo na kuamsha chuki. Kwa maneno mengine, waliogopa kile tunachokiona leo, na sijui niseme walikosea.

Mwaka 1948 ndipo marais wa vyuo, John Gallalee wa Alabama na Ralph Draughon wa Auburn, walipokaa wawili na kumaliza. Bunge lilikuwa limeshapiga kelele mwaka uliotangulia, na wote wawili walikuwa wanaomba fedha kwa bunge hilohilo. Hapo namkubalia Kipanga nusu: fedha za serikali huenda hazikuwatenganisha, lakini ndizo zilizowarudisha.

#21 Kipanga wa Pangani

Nusu naipokea. Ila kitu kikiwa na nguvu ya kuwarudisha watu mezani kwa mwaka mmoja, kina nguvu ya kuwatoa pia.

#22 Refa Mstaafu

Na asubuhi ya mechi ya 1948 viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walichimba shimo kwenye bustani ya Woodrow Wilson katikati ya Birmingham wakafukia shoka, ishara ya kumaliza ugomvi. Leo bustani inaitwa Linn Park.

#23 Chege wa Ruiru

Shoka lilifukiwa likaota mizizi, naona.

#24 Mchungaji wa Dodoma

Jina Iron Bowl lilitoka wapi? Ni kombe la chuma?

#25 Hesabu za Mtaani

Hapana, ni mji. Birmingham ulijengwa pale kwa sababu chuma, makaa ya mawe na chokaa vyote vinapatikana karibu, vitu vitatu vya kuyeyushia chuma. Wana sanamu kubwa ya Vulcan, mungu wa wahunzi wa Warumi, ya chuma cha kusubu, waliyoipeleka kwenye maonyesho ya St. Louis 1904. Kocha wa Auburn, Shug Jordan, ndiye anayepewa sifa ya kuipa mechi jina. Timu bora hualikwa michezo ya mwisho wa msimu inayoitwa bowl, naye akasema wao bowl yao wanayo kila mwaka, iko Birmingham, ya chuma.

Kuanzia 1948 hadi 1988 kila mechi ilichezwa Legion Field, tiketi zikigawanywa nusu kwa nusu kwa miaka mingi. Auburn walilalamika siku zote kwamba huo ni uwanja wa Alabama kwa jina la katikati. Kocha Pat Dye akasimama imara, na Desemba 2, 1989 Alabama wakaja Auburn kwa mara ya kwanza katika historia. Walifika hawajafungwa, wakaondoka wamefungwa 30–20. Alabama wao wakakaa Legion Field hadi 1998. Auburn walipokanyaga Tuscaloosa 2000, ilikuwa mara ya kwanza tangu 1901.

#26 Mvuvi wa Mwanza

Hiyo 1989 ukiwauliza wazee wa Auburn, wanaishika kuliko mataji. Mwenyeji wa nyumba niliyopanga alikuwepo siku hiyo na alishindwa kuisimulia bila kulengwa na machozi. Alisema timu ilipokuwa inatembea kuingia uwanjani watu walibanana mpaka wachezaji wakapita mmoja mmoja. Ndio maana narudi kwenye ramani yangu kule juu. Ukisafirishwa kila mwaka kwenda karibu na kwa mwenzako kwa miaka arobaini, siku anapokufuata nyumbani ni uhuru.

#27 Mama Njeri Eldoret

Hamjambo. Mpira wao siujui, lakini Alabama naijua kwa mbio. Mercy Chelangat wetu alikuwa pale, akashinda ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika Machi 2021. Baada yake Doris Lemngole, kuruka viunzi na maji, bingwa wa vyuo 2024 na 2025. Sasa hao watoto wakivaa ile jezi nyekundu lazima niwe upande wa dada wa Tuscaloosa, samahani Mvuvi.

#28 Dada wa Tuscaloosa

Karibu sana mama! Roll Tide. Hao mabinti tunawapenda hapa, na wakipita mjini watu wanawajua.

#29 Mzee wa Atlanta

Nimewasoma kimya. Kuna jambo mmelipita kwa haraka. Mnaposema jimbo zima lilinuniana, jimbo zima lilitaka mechi, ni jimbo lipi? Mwaka 1948 mwanafunzi mweusi hakuruhusiwa kuingia chuo chochote kati ya hivyo viwili. Juni 11, 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni pa ukumbi wa Foster, Tuscaloosa, kuwazuia Vivian Malone na James Hood, mpaka askari wa serikali kuu wakamwambia apishe. Auburn ilimpokea Harold Franklin Januari 1964.

Watu weusi wa Alabama walikuwa na mechi yao wakati wote huo. Alabama State na Alabama A&M, Magic City Classic, Legion Field hiyohiyo, na hadi leo kila Oktoba uwanja unafurika. Nimekwenda na wanangu. Bendi peke yake inatosha nauli. Sasa Alabama na Auburn wameshahama, Legion Field ni ya hawa.

Wachezaji weusi wa kwanza: Auburn walimsajili James Owens 1969. Alabama walimsajili Wilbur Jackson 1970, na John Mitchell akawa wa kwanza kuingia uwanjani 1971.

#30 Sokomoko la Kariakoo

Mzee, si ndiyo ile hadithi kwamba USC, chuo cha California, walikuja na mchezaji mweusi Sam Cunningham 1970, wakaifunga Alabama 42–21, Bryant akaona haya ndipo akaanza kusajili weusi?

#31 Mzee wa Atlanta

Inasimuliwa hivyo na inapendeza, lakini tarehe hazikubali. USC walikuja Septemba 12, 1970. Siku hiyo Wilbur Jackson alishasajiliwa, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza kikosi kikubwa. Kilichofanywa na Cunningham ni kuwafunga midomo waliokuwa bado wanapinga. Mlango wenyewe ulifunguliwa na mahakama na watoto kama Malone, Hood na Franklin, na wao hawakuwa wanamichezo. Wanastahili kutajwa kabla ya mkimbiza mpira yeyote.

#32 Bi Mkubwa wa Huntsville

Asante Mzee. Hilo lilihitaji kusemwa.

#33 Chege wa Ruiru

Na ile miti iliyowekewa sumu? Nilisikia nikadhani ni uzushi.

#34 Mvuvi wa Mwanza

Si uzushi. Auburn wana mialoni miwili kwenye kona ya Toomer, mjini, mbele ya lango la chuo. Tukishinda watu humiminika pale na kuivisha karatasi za chooni mpaka inakuwa myeupe. Mwaka 2010 Auburn walitoka nyuma 24–0 ndani ya Tuscaloosa, mrusha mpira wao Cam Newton akawageuza 28–27. Baadaye shabiki mmoja wa Alabama akaimwagia mizizi dawa ya kuua mimea. Januari 2011 akapiga simu redioni kwenye kipindi cha Paul Finebaum na kujisifu. Alikamatwa, akahukumiwa. Miti ikang'olewa Aprili 2013. Iliyopo sasa ilipandwa baadaye.

#35 Dada wa Tuscaloosa

Na mashabiki wa Alabama walichanga fedha kuiokoa ile miti, Mvuvi, useme na hilo. Kitendo kile kilituumiza wengi. Mti haukumfunga mtu.

#36 Mvuvi wa Mwanza

Kweli, walichanga, na ilipokelewa.

#37 Mchungaji wa Dodoma

Desturi ya karatasi ilianzaje?

#38 Refa Mstaafu

Zipo simulizi mbili. Moja ni ya zamani: kwenye duka la dawa la Toomer kulikuwa na mashine ya telegrafu, na matokeo ya mechi za ugenini yakifika kuwa Auburn wameshinda, wafanyakazi walirusha ule utepe wa karatasi kwenye waya za nje. Ya pili inasema karatasi za chooni hasa zilianza na ule ushindi wa 1972. Zote zinaweza kuwa kweli, utepe ukitangulia na karatasi ikafuata.

#39 Chege wa Ruiru

Mnaandika kurasa zote hizi na hamjataja Kick Six? Hiyo ndiyo mechi pekee niliyoiona, na ndiyo iliyonileta kwenye uzi. Novemba 30, 2013. 28–28, sekunde imebaki moja, na kocha Nick Saban wa Alabama ndiye aliyeomba hiyo sekunde irudishwe kwenye saa. Mpigaji anajaribu teke la yadi 57. Linapungua. Chris Davis wa Auburn amesimama nyuma kabisa chini ya milingoti, anaudaka na kukimbia uwanja mzima, yadi 109. 34–28.

#40 Hesabu za Mtaani

Yadi 109 ndizo alizokimbia. Kwenye vitabu vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ziliandikwa 100, kwa sababu takwimu za vyuo hazihesabu yadi za ndani ya eneo la mwisho.

#41 Dada wa Tuscaloosa

Nami nawapa ya 2023, ndani ya Auburn kwenu. Jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 kutoka mstari, sekunde zinayeyuka. Jalen Milroe anaurusha, Isaiah Bond anaudaka kwenye kona. 27–24. Nilikuwa nimeshazima televisheni, jirani akagonga ukuta.

#42 Kipanga wa Pangani

Mmenifurahisha, lakini swali la uzi bado lipo. Tuna posho, tuna waamuzi na kinyongo cha 1906, tuna ratiba iliyochelewa, tuna kutohitajiana, tuna woga wa bodi kuhusu masomo, na tuna langu la fedha za jimbo. Kuna mwenye kumwondoa yeyote hapo?

#43 Bi Mkubwa wa Huntsville

Ngumi tu ndizo nilizoziondoa. Na hata hapo mume wangu, mtu wa Auburn kizazi cha tatu, amesoma nilichoandika na kusema babu yake aliona ngumi kwa macho.

#44 Refa Mstaafu

Waamuzi. Sibanduki.

#45 Hesabu za Mtaani

Mtajuaje chanzo cha ugomvi na hawa hata kuhusu mechi ya kwanza hawakuelewana? Alabama wanaiandika ile ya Februari 1893 kama mechi ya mwisho ya msimu wa 1892. Auburn wanaiandika ya kwanza ya 1893. Na mnajua Auburn walishinda mechi ngapi dhidi ya Alabama mwaka 1893 kwa vitabu vyao? Mbili, kwa sababu Novemba mwaka huo walikutana tena.

#46 Dada wa Tuscaloosa

Ilikuwa msimu wa 1892. Nani anaanza msimu Februari?

#47 Mvuvi wa Mwanza

Anayeshinda, dada. Hiyo Novemba tulishinda 40–16, Montgomery.